Wote Tisa Wamevuka

Juzi barafu ya bwawani imeyeyuka. Nikachuchumaa ukingoni na sare ya kazini, nikahesabu koi wangu, hawa samaki wa mapambo, mpaka tisa, nikarudia, maana yule wa madoa meusi hupenda kujibanza nyuma ya jiwe. Tisa! Nikampigia mama Tanga, kwao saa nane ya usiku. "Umeniamsha kwa samaki ambao hata hamuwali?" Akakata simu.

Mnaonisoma siku nyingi mnajua kwa nini sikuweza kungoja. Mwaka juzi niliwatoa koi saba waliokufa kwa sepetu ya theluji, mmoja mmoja, na shemeji yangu mpaka leo akija kula kwangu huuliza kama kitoweo ni cha bwawani. Sijawahi kucheka.

Hapa Minnesota, Marekani, huchimbi kidimbwi chenye kina cha sentimita 45 ukajiita mfugaji. Mimi nilichimba. Aliyeniuzia alisema koi ni wagumu, na kweli ni wagumu, ila hakusema kwamba mimi ndiye nitakayewaua. Niliwaua kwa huruma. Oktoba niliwaona wamepoa, nikawaongezea chakula! Maji yakishuka chini ya nyuzi 10, tumbo la koi halisagi vizuri tena, na kisicholiwa kinaozea majini. Majani ya mti wa jirani nayo nikayaacha, eti pambo. Januari barafu ikafunika bwawa lote, hewa ya uozo ikakosa pa kutokea. Nikachukua nyundo. Kumbe kila pigo linawatikisa samaki huko chini walikolala. Lilipofunguka tundu, ilitoka harufu ya mayai viza.

Basi nisikilizeni. Chimbeni. Langu sasa lina kina cha mita 1.2, kwa sababu maji ya nyuzi 4 ndiyo mazito kuliko yote, hutuama chini, na samaki hujifunika hayo. Ndiyo maana mpira wa pampu ya hewa haushushwi mpaka sakafuni wakati wa baridi: utawafunua shuka. Uning'inize karibu na juu. Wavu wa majani tandaza kabla hayajaanza kuanguka. Hita inayoelea haipashi bwawa joto, inatunza tundu tu, na tundu ndilo tunalolitaka. Umeme ukikatika, weka sufuria ya maji ya moto juu ya barafu uitulize hapo mpaka izame kidogo. Nyundo mpe fundi.

Dada mmoja wa Columbus kaniandikia kwamba anatamani kuwapa koi wake chakula "kidogo tu", maana wanamwangalia. Mdogo wangu, hiyo "kidogo tu" ndiyo iliyonifikisha kwenye sepetu. Tumelelewa kuamini mgeni asipokula umemtupa, na samaki tunawafanyia vivyo hivyo. Usiwape. Nasema tena, usiwape.

Leo asubuhi kipimajoto kimesoma nyuzi 8. Wamekuja juu, midomo wazi, yule wa madoa mbele. Nimerudi ndani nikafunga mlango.