Ni kweli, nililipa nifundishwe kupumua

Wadogo zangu wa Kibosho, na wewe hasa mwanangu uliyeko Majengo,

Tangu nilipomwambia shangazi kwenye simu kwamba siku hizi nafsi imetulia, na kwamba yoga imenisaidia, maswali hayaishi. Kaka anauliza kama bado nasali. Wifi anataka kujua kama ni kweli huku watu wanalipa hela wafundishwe kupumua. Na wewe mwanangu, ambaye ndoa yako imevunjika mwaka huu, umeniuliza kama ujikusanye uende kwenye ile kambi ya utulivu huko Arusha, ambayo ada yake ni ya dola. Nawajibu wote kwa pamoja, na sitawapambia maisha ya huku Leeds, Uingereza.

Mjue kwanza nilikuwa nimefikia wapi. Mama alipofariki, maombi yangu ya ukaazi yalikuwa hayajajibiwa na pasipoti ilikuwa huko huko kwa wahusika. Nikamzika kwenye simu. Mlinishikia kamera pale mgombani, upepo ukawa unameza sauti ya padre, na mtandao ukakatika jeneza linashushwa. Uliporudi nikaona udongo na migongo ya watu. Jioni ile ile niliingia zamu kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, nikamwogesha bibi mmoja na kumchana nywele, naye akaniuliza mbona mikono yangu ni ya baridi. Sikumwambia. Sikumwambia mtu yeyote. Desemba huku jua linazama kabla ya saa kumi jioni, unaingia kazini na giza na kutoka na giza. Usingizi ukakata. Kifua kikawa kinabana hadi nikadhani ni moyo. Daktari akapima, moyo hauna tatizo, akasema hii ni huzuni na wasiwasi, akaniandikisha nikaongee na mtaalamu. Huduma hiyo hapa England ni ya serikali na hulipii, ila unasubiri foleni.

Nikiwa nasubiri, mwenzangu wa kazini akanipeleka kwenye darasa la yoga katika ukumbi wa kanisa. Pauni tano, mwalimu ni nesi mstaafu. Wifi, ndiyo, tulifundishwa kupumua. Unalala chali kwenye mkeka, mkono mmoja juu ya tumbo, unavuta pumzi taratibu ukihesabu hadi nne, unaitoa ukihesabu hadi sita. Basi. Pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, mapigo ya moyo yanapungua kasi na mwili unaacha kukaa kama uko hatarini. Mara ya kwanza nililia pale chini, machozi yakaingia masikioni. Yule nesi akaniwekea blanketi miguuni na kuendelea na darasa.

Kaka, hapakuwa na sanamu wala dua ngeni. Rozari ya mama iko mfukoni mwangu ninapoandika haya. Tena nikuambie jambo lililonifurahisha: mwaka 2001 watafiti waliandika katika jarida la kitabibu la BMJ kwamba waliwapima watu wakisali Salamu Maria kwa Kilatini, na wakati mwingine wakikariri maneno ya yoga. Kote kuwili pumzi ilishuka hadi kama mara sita kwa dakika, na moyo ukatulia pamoja nayo. Bibi yetu aliyekuwa akisali rozari akimenya ndizi alikuwa akijitibu kila jioni.

Nilijaribu pia sindano za Kichina, zile nyembamba zinazochomekwa kwenye ngozi bila dawa. Zililegeza mabega yangu, na usiku wake nililala. Hospitali za serikali huku huzitumia wakati mwingine kwa maumivu sugu na kipandauso. Huzuni hazikuiondoa, na ningewadanganya nikisema vinginevyo.

Ila kuweni macho. Huku nako wamejaa wauza mawe ya kung'aa, mafuta na vikombe vya uponyaji, na wengine wanakuambia utupe dawa za daktari. Sisi tunakumbuka mwaka 2011, magari yamejipanga kuelekea Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha dawa cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile cha shilingi 500. Watu walikwenda na imani zao na siwacheki, nilikuwa na majirani mle. Lakini wapo walioacha dawa za VVU baada ya kunywa, na hilo bado linaniuma. Chochote kinachokutaka uache dawa zako, kikimbie.

Sasa nifike kwenye kilichoniponya hasa. Nina rafiki hapa, mwanamke wa Tanga, Mwislamu, tunapokezana zamu. Asubuhi moja aliniona nimesimama kwenye kabati la mashuka nimeshika mto, siendi mbele wala nyuma. Akaniuliza, "Dada, matanga ya mama uliyakalia wapi?" Nikasema sikuyakalia. Akanyamaza. Jumamosi akaja kwangu na wanawake wengine wa Kitanzania na Mkenya mmoja, wakasukuma kochi ukutani, wakashusha godoro sakafuni. Yeye mwenyewe akaingia jikoni kupika mtori kwa ndizi za dukani kwa Wahindi, ambazo si ndizi za kwetu, na nyama akaikata ndogo ndogo. Wakaniambia, haya, tuambie mama alikuwa nani. Nikaongea hadi usiku wa manane. Niliwaambia alivyokuwa akivuka na mkungu wa ndizi kichwani kwenda sokoni Mbuyuni, alivyokuwa akificha pesa kwenye debe la unga. Hakuna aliyeniambia nijikaze. Walilala pale pale godoroni, na kesho yake wakaanua tanga.

Tangu siku ile kifua kilianza kuachia. Yoga nayo ikafanya kazi vizuri zaidi, kwa sababu tulianza kwenda pamoja. Foleni ya mtaalamu ilipofika nilienda pia, na alinisaidia kupanga mawazo.

Mnadhani huku marafiki ni rahisi? Mtu anakutafutia nafasi wiki tatu mbele ili mnywe chai. Uingereza iliteua waziri wa kushughulikia upweke mwaka 2018, ndivyo hali ilivyo. Na Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha mabibi wakae kwenye benchi nje ya zahanati wasikilize wenye mawazo mengi. Walipowapima wagonjwa baadaye, waliokaa na mabibi walikuwa wamepata nafuu kuliko wenzao. Mabibi wa aina hiyo Kibosho wanapita mbele ya geti lako kila siku.

Na msidharau isale, lile jani letu Wachagga la kuombea msamaha. Dada mkubwa aliponuna kwamba sikuja kuzika, kaka alimpelekea isale kwa niaba yangu, naye akanipigia simu siku ile ile. Hakuna darasa la Leeds lingenipa hilo.

Mwanangu, hela ya dola iache kwanza. Kambi inaweza kukupumzisha, lakini siku ya sita unarudi Majengo ukiwa peke yako. Mchague mmoja, yule mliyesoma naye ambaye hapeleki maneno, umwambie kila kitu cha ndoa ile, hata kile unachokionea aibu. Fanyeni pumzi pamoja jioni. Ukikosa usingizi wiki mbili, au ukianza kuona bora usiwepo, usimsubiri yeye wala mimi: nenda hospitali, Mawenzi au KCMC, useme hivyo hivyo ulivyo. Nauli ya bajaji nitatuma leo, na sauti yangu nikihesabu nne na sita nitakurekodia kwa Kiswahili ukaisikilize ukilala.