Marsaxlokk, kijiji cha wavuvi Malta: majibu ya maswali yenu

Tangu nilipogusia Marsaxlokk (hutamkwa Marsashlok), kijiji cha wavuvi kusini mashariki mwa kisiwa cha Malta, maswali hayajakatika. Nimechukua yale yaliyojirudia zaidi.

Nasikia soko la samaki ni Jumapili. Nikifika siku nyingine si nitakuta pakavu? (Tanga)

La hasha, ndugu yangu. Jumapili ndiyo siku ya soko kubwa, na Wamalta wenyewe hutoka kila upande wa kisiwa kuja kutafuta kitoweo. Lakini ikishapiga saa nne asubuhi pale ufukweni hapapitiki. Mabasi ya watalii yamekwisha kushusha watu, na meza za samaki zimezingirwa na meza za fulana, vitambaa na vikorokoro vya ukumbusho. Ukiitaka Jumapili, fika saa mbili, samaki wakiwa bado wengi na wanunuzi wakiwa wenyeji.

Mimi napenda zaidi siku ya kazi. Hapo ndipo unapokiona kijiji chenyewe. Nyavu zimetandazwa gatini, mzee amekaa kitako katikati yake, uzi wa wavu ameunasa kwenye kidole gumba cha mguu ili uvutike, na sindano yake inaingia na kutoka kwenye matundu bila yeye kuitazama. Msalimie, akiitikia simama utazame kwa raha zako. Ukitaka kumpiga picha, omba kwanza. Na nyavu hazikanyagwi. Hilo mtu wa Tanga halihitaji kufundishwa.

Zile mashua zenye macho bado zinavua, au ni pambo la watalii? (Lamu)

Zinavua. Mashua hiyo inaitwa luzzu. Imechongoka omo na tezi, yaani mbele na nyuma, ubavu wake una mistari ya buluu, njano, nyekundu na kijani, na kila upande wa omo lina jicho la kuchongwa. Watu wengi huyahusisha macho hayo na Wafoinike, mabaharia wa kale wa upande wa Lebanoni ya leo, na maana yake ni ileile inayojulikana kwenu: chombo kione njia na kikingwe na shari ya bahari. Majahazi ya Lamu nayo yana macho omoni, kwa hiyo ukisimama pale hutajiona mgeni sana. Zamani rangi ya utepe wa juu karibu na omo ilionyesha chombo ni cha wapi.

Siku hizi zote zinakwenda kwa mashine. Kutunza mbao na kupaka rangi kila mara ni gharama, na wavuvi wengi wamehamia boti za faiba. Ndiyo maana nawasihi: mkipata nafasi ya kupanda luzzu ya mvuvi anayepeleka watu kuzunguka ghuba, ipandeni. Hela hiyo inamsaidia kubaki na chombo cha mbao.

Nile samaki gani, na nitajuaje sipunjwi bei? (Mombasa)

Hili nitalijibu kwa kirefu, maana hapa ndipo utamu ulipo.

Ukienda kati ya katikati ya Agosti na Desemba, agiza lampuki. Ni samaki yuleyule ambaye kwenu Mombasa wavuvi humwita fulusi, mwenye mgongo wa kijani na buluu na ubavu wa dhahabu unaofifia mara tu akishatolewa majini. Kumvua kwake kunategemea kivuli. Wavuvi hufunga makuti ya mtende kwenye maboya, wakayatia nanga mbali baharini kwa safu. Maboya hayo huitwa kannizzati. Lampuki hupenda kukusanyika chini ya kitu kinachoelea, na mvuvi akifika huwazungushia wavu. Sheria inaruhusu uvuvi huo wa maboya kuanzia tarehe 15 Agosti hadi mwisho wa mwaka tu. Basi ukiletewa lampuki mwezi Mei akaitwa wa leo, uliza maswali.

Jikoni humkaanga, au humfunika kwenye unga pamoja na mchicha, zeituni na nyanya wakaoka. Ukitaka kitu chepesi, omba aljotta, supu ya samaki yenye kitunguu saumu kingi, nyanya na wali kidogo ndani yake.

Sasa bei. Mikahawa mingi pale hupima samaki mzima kwa kilo. Mhudumu atakuletea sinia uchague. Mwambie ampime mbele yako na akutajie jumla kabla hajapelekwa jikoni. Hakuna atakayeona ni utovu wa adabu. Uliza pia kama ametoka baharini au kwenye vizimba, kwa sababu Malta wanafuga samaki kwa wingi. Wa vizimbani si mbaya, ila asiuzwe kwa bei ya mwenzake.

Kuna pwani ya kuogelea? Nina watoto wawili. (Dar es Salaam)

Mchanga mweupe usiutarajie. Mahali penye sifa ni St Peter's Pool, kwenye rasi ya Delimara, ambapo mwamba wa chokaa umeliwa na bahari ukafanya bwawa la kijani lililo wazi upande mmoja. Ni pazuri kwelikweli, ila maji ni ya kina tangu ukingoni, hakuna mlinzi wa waogeleaji, na vijana hujirusha kutoka juu ya majabali. Kwa watoto wasiojua kuogelea vizuri mimi sipapendekezi. Bahari ikichafuka, hata mtu mzima asiingie. Kutoka kijijini ni mwendo wa zaidi ya nusu saa kwa miguu na kivuli hakuna, kwa hiyo beba maji.

Jambo moja litakushangaza wewe uliyezoea bamvua: bahari ya kule karibu haijai wala haikupwi. Tofauti ya maji haifiki hata nusu mita. Joto lake Agosti ni kama la kwetu, lakini Februari hushuka hadi nyuzi 15 hivi.

Picha zinaonyesha mahali kama peponi. Kweli ni hivyo? (Nairobi)

Mbele yako ndiyo, pembeni hapana. Ghuba hiyohiyo ina kituo cha umeme cha Delimara, na ng'ambo kuna winchi za bandari ya makontena. Wapiga picha huzikwepa. Mimi naona ni vyema uzijue mapema, kwa sababu ghuba hii imekuwa ya kazi miaka yote. Mwaka 1565 merikebu za Waosmani, yaani dola ya Waturuki, zilitia nanga hapa kabla ya kuizingira Malta. Ndipo mashujaa wa Mtakatifu Yohana, jeshi la kidini la Kikristo lililokuwa likitawala Malta, wakajenga ngome ya San Lucian kuanzia 1610, na mwaka 1614 mizinga yake iliwazuia Waosmani wasiteremke ghubani. Tarehe 2 na 3 Desemba 1989 Rais wa Marekani George Bush (baba) na kiongozi wa Kisovieti Mikhail Gorbachev walikutana papa hapa. Walikuwa wamepanga kukutania kwenye manowari zao, dhoruba ikavuruga mpango, mazungumzo yakafanyika ndani ya meli ya abiria ya Kisovieti, Maxim Gorky, iliyokuwa imefungwa bandarini.

Ukiwa na nusu siku zaidi, nenda Għar Dalam, karibu na Birżebbuġa. Ni pango lililokutwa na mifupa ya tembo na viboko wadogo sana walioishi kisiwani enzi za barafu. Watoto wataipenda kuliko ngome.

Sisi ni Waislamu. Chakula na sala vipi? (Muscat)

Samaki watakutosheni, ila ulizeni kama mchuzi una mvinyo, maana hutiwa mara nyingi. Msikiti uko Paola, mji ulio kati ya Valletta, mji mkuu, na Marsaxlokk.

Mama yangu ana miaka 70 na goti linamsumbua. Ataweza? (Arusha)

Ataweza bila shida. Ufukwe wa kijiji ni tambarare, kuna viti vya kupumzikia, na basi husimama karibu. Mwepushe tu na jua la Julai na Agosti; Oktoba ingemfaa zaidi, na lampuki wanakuwa bado wapo.

Viza na usafiri? (Kampala, Dodoma na wengine)

Viza ni ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na unatakiwa uwe na bima ya safari inayofidia matibabu ya angalau euro 30,000. Omba mapema, unaruhusiwa tangu miezi sita kabla ya safari. Kutoka Valletta panda basi namba 81 au 85. Mkikodi gari, wanaendesha kushoto kama kwetu, na soketi za umeme ni zilezile za pini tatu bapa, kwa hiyo chaja zenu zitaingia moja kwa moja.