Jibu: Mwanafizikia wa serikali Goma anafanya kazi gani hasa?

Papa, umeuliza kama kijana wako wa math-physique (hesabu na fizikia) anaweza kuwa mwanafizikia wa serikali hapa Goma. Anaweza. Mlango wa karibu ni Observatoire Volcanologique, kituo cha kuchunguza volkano, iliyoanzishwa 1986.

Kazi kubwa pale ni mitetemo. Unasoma mistari ya seismometa (mashine inayorekodi mitetemo), unapima sekunde kati ya wimbi la P, linalofika kwanza, na la S, linalofuata polepole, unazidisha kwa 8 hivi, unapata umbali wa chanzo kwa kilomita. Sekunde 3 ni kama kilomita 24. Kituo kimoja hakionyeshi upande. Vinatakiwa angalau vitatu. Hapo saa ndiyo huharibu mambo: antena ya GPS inayorekebisha saa ikikatika na saa ya kituo ikiteleza sekunde moja, chanzo kinahama kilomita kadhaa kwenye ramani, kwa sababu wimbi la P hukimbia kilomita 5 au 6 kwa sekunde. Na mashine hailalamiki!

Tena, majivu hufunika paneli za jua, moshi wa volkano ya Nyiragongo wenye tindikali hula viunganishi, na betri za volti 12 zinapendwa na wezi. Asiyejua kushika bisibisi atateseka.

Kuna pia gesi ya SO2 (ya salfa) inayotoka kwenye volkano; kiasi chake hupimwa kwa spektrometa, kifaa kinachosoma mwanga uliopita kwenye moshi. Humo kosa kubwa ni kasi ya upepo: ukiikosea kwa asilimia 30, jibu lote limekosewa vilevile.

Aanze Python (lugha ya kuandika programu za kompyuta) na elektroniki sasa, kabla ya kuchagua mada ya memwari, ile kazi ya kumaliza masomo.