Gari inajishika leni, mimi nibaki na kazi gani?

SWALI: Habari ya kazi fundi. Mimi niko Nakuru na kila Ijumaa naenda Kisumu kuona mama. Juzi nilinunua gari ya kutoka Japani, iko na ile kruzi ya kufuata gari ya mbele yenyewe, na usukani unajirudisha katikati ya leni. Raha mtupu. Shida ni kwamba wiki jana sikumbuki nikipita Salgaa, nilijikuta tu Mau Summit, macho wazi, ukungu huu hapa, na kuna mama wa Kijapani ndani ya dashibodi ananiongelesha kwa ukali. Shemeji anasema nifunge chupa ya maji kwenye usukani hiyo kelele iishe. Nifunge? – Baba Achieng

JIBU: Baba Achieng, usifunge, na shemeji mwambie nimekataa. Gari kama yako haijui mikono yako iko wapi, inasikia tu usukani ukivutwa kidogo, ndio maana chupa inaidanganya. Huyo mama alikuwa anakuambia ushike usukani, basi.

Sasa hii ya kupotea macho wazi wala si uzembe wako pekee. Kuchunga mashine inayofanya kazi vizuri ni kazi ngumu kuliko kuendesha. Mwaka 1948 Mwingereza mmoja, Norman Mackworth, alikalisha watu waangalie mshale wa saa tu, waseme ukiruka hatua mbili kwa mpigo, na ndani ya nusu saa walikuwa washaanza kuukosa. Kule Tempe, Arizona, Machi 2018, gari ya majaribio ya Uber iligonga mama akivuka barabara usiku na baiskeli, akafa, na dereva aliyewekwa pale aichunge alikuwa anaangalia simu. Wewe kwa 80 unakula mita 22 kila sekunde, sekunde tano ni uwanja mzima wa mpira umepita na hukuwepo.

Halafu kuna kitu Mjapani hakufikiria. Trela ikiharibika pale Sachangwan utingo anafanya nini? Anakata matawi, anayatandaza barabarani. Wewe ukiona majani tu mguu unatoka kwa mafuta wenyewe, lakini ile kamera ya gari haina habari, kwake ni majani, na kruzi nyingi za hivyo hata kwa kitabu chake imeandikwa zinaweza kukosa kuona gari iliyosimama kabisa. Hiyo kazi ya kusoma matawi ni yako. Na boda bila taa, na mistari iliyofutika, na mvua ya Kericho ya saa tisa ambayo kamera ikishindwa inajizima, mara nyingine kwa kidude kimoja tu cha taa.

Mimi ningefanya hivi: Nakuru hadi upite Mau Summit, endesha mwenyewe, zima kruzi na ile ya leni, breki ya dharura inayojikanyaga yenyewe tu ndiyo usiizime kamwe. Ahero pia zima, tuktuk za pale hazina ratiba. Ukiwasha kwingine, simu iende kiti cha nyuma na uongee kwa sauti unachokiona, "lori, punda, mtoto wa shule", abiria atacheka, acha acheke. Ukishikwa na kimya simama Kericho unywe chai. Na hayo maneno ya Kijapani piga picha gari ikiwa imesimama unitumie, nitakuambia kila moja linasema nini.