Maswali na Majibu: Usitoke Chuoni Kimyakimya

*Mwalimu, niko mwaka wa tatu, chuo kimoja hapa Tudor, Mombasa. Niliingia 2023. Baba amesimamishwa kazi bandarini, nadaiwa karo na mtihani ni mwezi ujao. Naona bora niache, nikauze mitumba soko la Kongowea. — Kijana wa Likoni*

Mwanangu, usiondoke kimya. Wengi ninaowajua walioishia njiani hawakufukuzwa na mtu. Waliacha kuhudhuria, wakaona haya kurudi, mwaka ukapita. Kesho asubuhi nenda kwa mkuu wa wanafunzi, mweleze yaliyowapata nyumbani, uombe kulipa kidogo kidogo. Ikishindikana, andika barua ya kuahirisha masomo, ipigwe muhuri, na nakala ubaki nayo mwenyewe. Barua hiyo ndiyo itakayokuwekea nafasi.

Halafu, je, umeomba HELB, ule mkopo wa serikali wa elimu ya juu, mwaka huu? Mkopo huombwa upya kila mwaka, na wengi hujisahau baada ya ule wa kwanza. Na kwa kuwa uliingia chini ya mfumo wa ufadhili ulioanza 2023, unaowapanga wanafunzi kwa madaraja ya uhitaji, waweza kukata rufaa upangwe daraja jingine. Barua ya baba ya kusimamishwa kazi ndiyo ushahidi wako. Usiiache basari ya NG-CDF pia, yaani mfuko wa maendeleo wa eneo bunge. Ulizia fomu ofisi ya eneo bunge lenu.

Mitumba uza jioni na Jumamosi. Biashara ni ya halali, lakini usiiuzie miaka yako miwili na zaidi ya masomo.

*Binti yangu amejifungua akiwa mwaka wa pili. Jamaa wasema alee kwanza, chuo baadaye. — Mama wa Kisauni*

Hongera kwa mjukuu. Hiyo "baadaye" iandikwe tarehe, dada yangu. Aahirishe muhula mmoja au miwili kwa barua, na leo hii mkubaliane nani atashika mtoto siku za masomo. Ukiweza wewe, basi umemsomesha mara ya pili.

*KUCCPS, wanaopanga wanafunzi vyuoni, wamenipa kozi nisiyoitaka. Niache? — Mwaka wa kwanza, Changamwe*

La. Omba uhamisho kwenye tovuti ya KUCCPS dirisha likifunguliwa, ila hakikisha alama zako za KCSE, mtihani wa kidato cha nne, zinatosha kwa kozi uitakayo. Huku ukingoja, ingia darasani.

*Nikiacha chuo, deni la HELB linafutwa?*

Halifutwi. Utalilipa, na cheti huna.