Umri na mvumo wa Alembic F-2B

Ndugu, umeuliza hiyo Alembic F-2B uliyonunua mkononi, preampu ya valvu (kikuza sauti cha awali cha gitaa, chenye taa za kioo), ni ya mwaka gani, na mbona inavuma. Kutu na rangi havisemi kitu. Fungua kifuniko, soma namba iliyogongwa mgongoni mwa potenshiometa, kile kifaa kilicho nyuma ya kila kitufe cha kuzungusha. Ukikuta kwa mfano 1377633, basi 137 ni CTS, kampuni iliyotengeneza potenshiometa, 76 ni mwaka 1976, 33 ni wiki. Preampu haijaundwa kabla ya hapo, ila yaweza kuwa ya miezi mingi baadaye. Soma namba za potenshiometa zote ulinganishe. Moja ikipishana na wenzake na solda yake inang'aa, fundi ameshapita hapo.

Mvumo mara nyingi ni kapasita za pawa (vihifadhi umeme) zilizokauka. Badilisha zote. Chomoa waya wa umeme kwanza, kisha zipime kapasita kwa mita, maana hubaki na umeme hatari hata baada ya kuchomoa. Mimi zilinirusha, mkono ukafa ganzi hadi jioni! Valvu za 12AX7 usizitupe ovyo: zigonge taratibu kwa penseli, inayolia kama kengele kwenye spika ndiyo ya kubadilisha. Na kama nyuma imeandikwa volti 120, usiichomeke kwenye 230 bila transfoma ya kushusha.