Uliza Fundi: Geji ya mafuta imelala kwa E, nibadilishe dashibodi?

SWALI: Habari ya kazi fundi. Niko na gari ndogo ya Kijapani ya 2006, petroli, natoa nayo mboga soko la Wakulima napeleka kwa wateja huku Kahawa West. Tangu mvua ianze geji ya mafuta imelala kwa E na haiamki hata nikijaza tanki. Makanika mmoja ameangalia kidogo tu akasema dashibodi imekufa, ninunue ingine ya ex-Japan, yaani iliyotumika huko Japan, na pesa anataka ni karibu kodi yangu ya mwezi mzima. Naeza jichekia mwenyewe kabla nitoe hiyo pesa? – *Mama mboga, Kahawa West*

JIBU: Dada, hiyo pesa shika kwanza. Hii shida mara nyingi iko huko nyuma kwa tanki ama kwa waya, dashibodi ndio mtu anafaa kushuku mwisho. Na kuna kitu sidhani umeambiwa: ukibadilisha dashibodi nzima unabadilisha na kilomita, sasa gari yako itaanza kusoma kilomita za gari ingine kabisa, na siku ukitaka kuiuza mnunuzi ataona umezichezea. Inaniuma mtu kupelekwa huko kabla hata waya moja haijapimwa.

Jua kwanza vile inafanya kazi. Ndani ya tanki kuna floti, inaelea juu ya petroli na imeshikwa na mkono wa chuma. Mafuta yakipanda ama yakishuka ule mkono unasugua kibao cha resista, kile kinazuia umeme kidogo ama sana, na kulingana na pale umefika umeme unaopita unakuwa mwingi ama kidogo, ndio sindano huko mbele inasogea. Hiyo yote pamoja, na mkono na kibao, hapa naita floti tu. Kwa Toyota nyingi za zamani kibao kinasoma kama omu (kipimo cha resista) 110 tanki ikiwa tupu na omu 3 hadi 5 ikijaa. Zingine za baadaye zinapita omu 400 zikiwa tupu, so tafuta namba za model yako. Lakini kwa hizi gari nyingi za Japan mpango ni huo huo, resista kubwa ni E, resista ndogo ni F. Hapo ndio utaelewa kwa nini waya ikikatika ama soketi ikishika kutu sindano inalala E kama yako, na waya ikigusa bodi inakwama F.

Sasa washa swichi bila kustat injini. Geji ya temperecha inafanya kazi? Kama hiyo pia imekufa anza na fyuzi na graundi ya dashibodi, ile waya inarudisha umeme kwa bodi. Kama ni mafuta peke yake, twende nyuma. Angalia pia ile taa ya manjano ya mafuta, kwa gari nyingi za zamani iko na sensa yake kando ndani ya tanki, kwa hivyo inaeza kuwa nzima na geji imekufa, usiitumie kusema tanki haina shida.

Inua siti ya nyuma, chini yake gari nyingi ndogo ziko na kifuniko cha bati, na chini ya hicho kifuniko kuna soketi ya tanki. Umesema ilianza na mvua, na mimi hapo ndio ningeangalia kabla ya kitu kingine chochote. Chomoa soketi uone kama pini ziko na ule unga wa kijani ama maji, pulizia dawa ya kusafisha kontakti, ikauke, rudisha, jaribu. Kuna watu shida yao inaisha hapo na hawajafungua tanki.

Kama bado, zima swichi, chomoa soketi tena, fungua milango yote hewa ipite, na ukisikia harufu ya petroli usiendelee. Tafuta waya ya geji kwa ule upande wa soketi unaoenda mbele. Ni ile nyembamba, zile nene ni za pampu na ukizigusisha bodi utachoma fyuzi. Unganisha hiyo nyembamba na graundi ukitumia kipande cha waya, na uunganishe kabla ya kuwasha swichi ndio kusiwe na cheche karibu na tanki. Alafu washa swichi mtu aangalie sindano. Ikipanda taratibu kuelekea F zima mara moja, dashibodi iko sawa na waya ya kwenda mbele iko sawa, shida ni floti ama graundi yake. Isiposonga, fuata waya mpaka mbele kabla ya kulaumu geji. Kwa gari za juzi ambazo geji inaendeshwa na kompyuta usifanye hii ya kugusisha, pima floti na maltimita (kile kifaa cha kupima umeme) peke yake.

Kutoa floti unaeza fanya nyumbani lakini petroli si maji. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unashuka chini unatembea, kwa hivyo jiko la jirani hapo kwa korido linatosha kuleta moto. Fanyia nje mahali wazi, mafuta yakiwa chini ya nusu. Kama floti imeshikana na pampu, toa fyuzi ya pampu kwanza, stat gari mpaka izime yenyewe, hiyo inapunguza presha kwa paipu. Kisha ondoa waya ya negativu ya betri. Futa vumbi juu ya kifuniko cha tanki vizuri kabisa kabla ya kufungua, maana mchanga ukiingia umejitafutia shida ya pampu. Toa floti ukiilaza kidogo, usilazimishe, ule mkono ukipinda geji itadanganya milele.

Tikisa floti. Ukisikia petroli ndani yake imetoboka inazama, ndio maana inasoma tupu. Kama ni nzima weka maltimita kwa omu, inua mkono polepole kutoka chini mpaka juu, namba inafaa kushuka bila kuruka. Ikiruka, safisha kibao na dawa ya kontakti na kitambaa laini. Usipige msasa, ile resista ni nyembamba sana utaimaliza. Rudisha na oringi mpya, ule mpira wa kuziba, na kabla siti irudi stat uangalie kama kuna mahali panavuja.

Ukilazimika kununua floti, nenda Grogan, kule spea za gari zinauzwa Nairobi, na ile ya zamani mkononi, na maltimita pia, uipime hapo hapo kabla ya kulipa. Muuzaji akikataa ipimwe tafuta mwingine.

SWALI: Fundi, gari yangu ni Subaru fo-wili, nikijaza tanki geji inafika nusu tu. Ni pampu ya petrol station inaniibia? – *Msomaji, Rongai*

JIBU: Ndugu yangu, angalia tanki kabla ya kumshika mtu wa pampu. Shafti ya kwenda nyuma inapita katikati chini ya gari, so tanki imegawanyika pande mbili, na kila upande una floti yake. Floti moja ikifa geji haiezi kuonyesha tanki yote. Pima zote mbili.

SWALI: Mimi ni wa teksi, naweka ya mia tano mia tano. Juu ya robo geji iko sawa lakini chini ya hapo inaruka ruka, juzi nimezima Thika Road na ilikuwa inaonyesha bado iko. – *Dereva, Umoja*

JIBU: Pole sana, kuzima kwa hiyo barabara ni hatari. Wewe mkono wa floti yako unaishi chini siku zote, unasugua pahali pamoja tu pa kibao, na hapo ndio pamelika. Kusafisha kunaeza kukupa muda lakini kama kibao kimelika badilisha floti. Kwa sasa ukipata pesa jaza tanki mara moja, rudisha trip (ile mita ndogo ya kilomita) kwa sifuri, na ukijaza tena gawanya kilomita kwa lita, utajua gari inakula aje na utahesabu kwa kilomita badala ya kuamini sindano. Na usikae chini ya robo kila siku hata kama tunangoja EPRA, wale wa serikali wa bei ya mafuta, watangaze bei tarehe 14 ya mwezi, maana pampu iliyo ndani ya tanki inapozwa na hiyo hiyo petroli, na bei yake inapita ya floti mbali.